Taa Nyekundu ya Gari la Babu

Juzi niliingia duka la spea pale Mwanjelwa kutafuta kitu kingine kabisa. Muuzaji akafungua boksi la fenibelti mpya karibu na pua yangu, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, nikabaki nimesimama natabasamu peke yangu. Fenibelti mpya, ule mkanda unaozungushwa na injini, ina harufu yake: mpira, poda nyeupe kidogo, na kitu kinachokaribiana na pilipili kavu. Muuzaji akaniuliza, "Mama, mzima kweli?" Nikamwambia mzima sana. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu ile imenirudisha kwenye likizo ile tulipolibadilishia gari la babu dainamo ili shangazi yangu apate kuolewa?

Wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani gari binafsi lilikuwa mali ya ukoo mzima, hata kama kadi ilikuwa na jina moja. La kwetu lilikuwa la babu. Lilikuwa la kijani kilichopauka, lenye taa mbili kubwa zilizotokeza mbele, na mtaa mzima wa kwetu Mbeya ulilijua kwa jina la Chura. Babu alilinunua lilipokuwa tayari limezeeka, kutoka kwa meneja mmoja wa shamba la chai huko Tukuyu, akalitunza mpaka mwisho wake. Alipofariki likabaki kwa baba, na baba aliapa hatabadilisha hata skrubu moja. Kitambaa cha viti kilipochanika alikishona kwa mkono, tena kwa uzi wa rangi ileile, na ole wako ukisema gari jipya la jirani ni zuri.

Sasa, Chura alikuwa na afya ya kila kitu isipokuwa umeme. Dainamo, yaani ile mashine ya kuchaji betri, ilikuwa imechoka, na hata ujanani mwake haikutengenezwa kwa mambo mengi. Gari likitembea, ilichaji. Gari likisimama na injini ikinguruma polepole, haikuchaji kitu, na betri ililiwa tu. Kwa hiyo ndani ya Chura kulikuwa na sheria: taa, waipa, honi, chagua kimoja. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa mama, kutoka kiti cha nyuma. Mvua ikinyesha jioni utamsikia, "Baba Lugano, zima waipa, kona inakuja, utataka honi!" Baba anazima waipa, mama anampa kitambaa, baba anatoa mkono dirishani na kufuta kioo huku anaendesha. Lugano ni kaka yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa bweni, na kila akija likizo alisema haoni aibu kubwa kama ya kupokelewa stendi na Chura.

Sheria ya pili ilikuwa kuegesha mteremkoni, maana betri mara nyingi haikuwa na nguvu ya kuwasha injini, na njia pekee ilikuwa kuliachia gari lishuke lenyewe mpaka liwake. Maisha yetu yote yalipangwa kwa miteremko. Tulisali kanisa la mbali tukaliacha la karibu, kwa sababu la mbali lilikuwa kilimani. Hata daktari wa meno tulimchagua kwa kigezo hicho. Mbeya ina vilima vya kutosha, kwa hiyo sikuona ajabu. Niliamini tu kwamba watu wa sehemu za tambarare hawana magari, na niliwahurumia kwa dhati.

Ila jambo nililoliamini kuliko yote lilihusu taa nyekundu. Kwenye dashibodi ya Chura kulikuwa na taa ndogo, saizi ya punje ya hindi, iliyokuwa inaonyesha kwamba betri haichajiwi. Ufunguo ukigeuzwa, inawaka. Gari likishika mwendo, inazimika. Mkisimama kununua ndizi na injini inanguruma, inawaka tena, inapepesa. Na baba, tangu tulipomzika babu, alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi akigeuza ufunguo na taa ile ikawaka, alisema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, baba."

Basi mimi nilijua babu yumo mle. Ushahidi ulikuwa wazi. Babu alipokuwa hai alikaa kiti cha mbele, kando ya baba, na gari likianza kutembea tu alikuwa analala, kidevu kifuani. Likisimama anaamka, anauliza, "Tumefika?" Na taa nayo ilikuwa na tabia zilezile: safarini inalala, tukisimama inafumbua jicho. Sikumuuliza mtu yeyote, kwa sababu huulizi kitu unachokiona. Nilipokuwa napanda gari nilikuwa naichungulia ile taa na kuiamkia kimoyomoyo, na nilifurahi sana kuwa na babu asiyetuacha.

Ndipo shangazi Atupele, mdogo wake baba wa mwisho, akapata mchumba. Alikuwa kijana Mhehe wa Ilula, ng'ambo ya Iringa, mkulima wa nyanya, mpole, ambaye alipokuja kujitambulisha alileta mzigo wa nyanya uliotulisha mpaka tukazichukia. Harusi ikapangwa iwe kwao. Upande wa bwana harusi ukatoa taarifa kwamba utaleta gari jeupe la kukodi, lenye maua, limpeleke bi harusi kanisani.

Shangazi alisimama katikati ya sebule akasema, "Baba hayupo wa kunipeleka. Gari yake ipo. Mimi nitaingia kanisani na gari ya baba yangu, hiyo nyeupe wapande maharusi wengine."

Baba akafurahi mpaka akasimama. Mama akabaki amekaa.

"Mimi sina neno," mama alisema. "Ila Ilula ni mbali, na mimi nimeshonesha kitenge, na viatu nimeazima. Hii gari ikizima mbele ya wakwe, nani anasukuma? Bi harusi?"

"Haitazima."

"Baba Lugano. Ilizima jana sokoni, nikasukuma na kabichi kichwani. Leo nakwambia mapema: badilisha hiyo dainamo, au Atu apande gari nyeupe. Mimi mbele ya Wahehe sisukumi."

Baba akakaa. Akasema polepole kwamba dainamo ile aliisuka babu kwa mkono wake, waya wa shaba mmoja mmoja, amekaa barazani, miezi michache kabla hajaugua. Wote tuliikumbuka ile picha, babu na miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Nilimtazama shangazi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa mikononi mwa kaka yake.

"Kaka," shangazi akasema, "baba aliisuka kwa sababu hakuwa na nyingine. Angeipata nyingine, unafikiri angekaa barazani anajichoma vidole?"

Kesho yake tulishuka Mwanjelwa, kwa kushuka kweli, maana gari liliwakia mteremkoni. Fundi Salimu alikuwa na uwanja wake nyuma ya maduka ya vitenge. Wazee wake walitoka Tanga, naye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu wa darasa, ila chumvi aliyoitia kwenye maneno ingetosha kukaangia samaki. Alitufahamisha, kabla hata hatujamsalimia vizuri, kwamba hakuna gari kati ya Tunduma na Makambako ambalo halijawahi kumlilia.

"Bwana mkubwa," alimwambia baba, akiwa amezama nusu ndani ya boneti, "hii si dainamo, hii ni kumbukumbu. Nitakutia alteneta. Wallahi, ukiwa umesimama inachaji, ukitembea inachaji, ukiota ndoto inachaji."

Alteneta yenyewe ilitoka kwenye gari dogo la Kijapani lililogongwa. Ilikuwa fupi na nene, haikufanana hata kidogo na ile dainamo ndefu, kwa hiyo mchomeleaji wa jirani alitengeneza kipande cha chuma cha kuishikia. Kikawa kirefu mno. Akakikata, kikawa kifupi mno. Fundi Salimu alimlaumu mchomeleaji, mchomeleaji akalaumu vipimo vya Fundi Salimu, na baba akazunguka gari amefumbata mikono mgongoni kama mtu aliye nje ya wodi ya wazazi. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, sikutaka kushuka. Nilikuwa namlinda babu kelele zisimsumbue. Harufu ya fenibelti mpya ilikuja hapo, ilipotolewa kwenye karatasi yake, na mpaka leo kwangu ndiyo harufu ya jambo kubwa linalotaka kutokea.

Ikafika zamu ya waya. Fundi Salimu aliingiza kichwa chini ya dashibodi, na baba akashtuka akamshika bega.

"Hiyo taa nyekundu usiikate."

"Hata ungeniamuru nisingeikata," Fundi Salimu akajibu kutoka chini. "Hii ndiyo inayoiamsha alteneta. Ukigeuza ufunguo, umeme kidogo unapitia kwenye taa, unakwenda kuiamsha ianze kazi. Bila hii taa, alteneta itazunguka tu kama pangaboi."

"Unasema hii ndiyo inaamsha?"

"Hii taa ndiyo mwenye nyumba humu."

Baba aliitazama taa ile kwa muda, kisha nikaona mabega yake yameshuka. Tangu asubuhi alikuwa ameyabeba juu. Mimi sikushangaa, maana nani mwingine angeamsha watu mle ndani kama si babu?

Walipomaliza, baba akaketi, akageuza ufunguo. Taa ikawaka. Akasema salamu yake kwa kunong'ona, Fundi asimsikie. Injini ikaitika, na palepale, gari likiwa limesimama tuli, taa ikazimika. Fundi Salimu akaruka juu. Akawasha taa kubwa, akawasha waipa kwenye kioo kikavu, akapiga honi ndefu, vyote kwa pamoja, kitu ambacho kwetu kilikuwa karibu na dhambi. Watu wa maduka ya vitenge wakatoka kuangalia. Baba alicheka mpaka akaweka paji la uso kwenye usukani, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msibani.

Nilisubiri taa iwake tena. Tulikuwa tumesimama, injini inanguruma polepole, ule ndio wakati wake. Haikuwaka. Nikasubiri zaidi. Kisha nikaangua kilio, kilio cha kweli, cha kamasi, na Fundi Salimu akadhani honi imenitisha, akaninunulia andazi. Nililila huku nalia.

Tuliondoka Mbeya siku moja kabla ya harusi, alfajiri, Lugano na ndugu wengine wakitufuata kwa basi dogo la Coaster. Baba aliendesha. Kiti cha mbele kilikaliwa na keki. Nyuma tulikaa mama, shangazi na mimi katikati. Baba alikuwa ameifunga ile dainamo ya zamani kwenye khanga na kuiweka kwenye buti, eti kwa tahadhari, na mama hakumwacha hivihivi.

"Umeoa mke mpya," alimwambia, "na yule wa zamani umemficha kwenye buti."

Tulipofika tambarare za Usangu, niliona magari yameegeshwa sehemu iliyonyooka kabisa, na mwanamume mmoja akaingia ndani ya lake, akaliwasha, akaondoka. Hakuna aliyesukuma. Niligeuka kumfuata kwa macho mpaka akapotea. Baba hata hivyo hakuwa ameamini bado. Makambako tuliposhuka kunywa chai alizunguka mji mzima akitafuta mteremko, na chai ikapoa.

Ukungu ulitukuta Mafinga, kwenye misitu ya misonobari, na ndani ya ukungu kulikuwa na mvua. Magari ya mizigo yalitokeza mbele yetu ghafla, makubwa, yanapiga honi. Baba akawasha taa. Mama tayari alikuwa ameshika kitambaa, amenyoosha mkono mbele. Baba akasita kidogo, kisha akawasha na waipa. Tulizoea kwamba waipa zikianza, taa zinafifia, zinakuwa rangi ya chai ya maziwa. Safari hii taa zilibaki nyeupe, waipa zikaenda na kurudi bila kuchoka, na lori lilipokuja baba akapiga na honi juu yake. Kila kitu kikafanya kazi kwa wakati mmoja.

"Jamani," mama alisema. Akakikunja kile kitambaa taratibu, akakilalia kama mto, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa. Shangazi akadaka sauti ya pili, baba akaweka besi, na ndani ya Chura kukawa na joto na furaha ambayo sijawahi kuisahau. Tuliimba mpaka misonobari ikaisha. Mama akasinzia.

Shangazi akanikumbatia. "Na wewe? Tangu Mbeya hujacheka. Hutaki niolewe?"

Nikamwambia yote, kwa kunong'ona. Kwamba babu yumo kwenye taa. Kwamba zamani tukisimama alikuwa anaamka, na tangu Fundi Salimu aguse gari anafumbua jicho kidogo tu kabla injini haijawaka, kisha analala moja kwa moja. Kwamba kesho shangazi atashuka kanisani na babu atakuwa amelala, hatamwona.

Hakucheka. "Nani alikwambia babu yumo?"

"Baba anamwamkia. Na mama huwa hakai mbele."

Hilo la mama lilikuwa kweli. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake wala hazungumzi naye. Akipita, mke anageuza uso na kujifunika. Mama alipoolewa aliishika mila hiyo barabara. Babu akikaa mbele, mama alikaa nyuma, kitenge kichwani, uso dirishani. Babu alishakufa na mama aliendelea kukaa nyuma. Labda alizoea tu, lakini kwangu ulikuwa ushahidi usiopingika. Shangazi akapangusa kona ya jicho kwa kidole, akasema, "Nimekusikia."

Tulilala Iringa mjini kwa ndugu, nyumba iko kilimani, baba akalala usingizi mzuri. Asubuhi tukaenda Ilula. Barabarani wauza nyanya waliacha matenga yao wakapiga vigelegele walipoliona gari la kijani lenye riboni. Mbele ya kanisa akina mama wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejipanga, wanaimba, wanatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene! Kamwene!" Na uwanja wa kanisa ulikuwa tambarare kama meza.

Baba aliuzunguka mara ya kwanza. Akauzunguka tena. Waimbaji wakawa wanageuka naye.

"Baba Lugano," mama akasema kwa meno yaliyofungwa, huku anawapungia wakwe, "hakuna mteremko. Simama."

Akasimama mbele ya mlango, injini ikinguruma. Nilimwona anatazama huku na huku, na nikajua anapanga kuliacha gari linanguruma hivyohivyo ibada nzima. Taa nyekundu ilikuwa imezimika. Shangazi, ndani ya shela lake, akainama mbele.

"Kaka, zima gari."

"Atu, hapa ni tambarare."

"Naona."

"Wakwe wote hawa wanaangalia. Ikikataa kuwaka..."

"Zima, kaka. Kisha geuza ufunguo, usiwashe injini. Mtoto wako ana neno lake na baba, na mimi pia ninalo."

Baba akanitazama kwenye kioo. Sijui aliona nini, lakini mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Injini ikanyamaza. Nje nyimbo ziliendelea. Akageuza ufunguo kidogo. Taa ikawaka, nyekundu, imara, haipepesi.

Shangazi akasogeza shela pembeni, akaweka kiganja juu ya dashibodi. "Shikamoo, baba," alisema. "Tumefika."

Baba naye akamwamkia, safari hii kwa sauti yake yote. Nikasema na mimi, kwa mdomo. Kisha nikageuka kumwangalia mama, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na mama alikuwa amegeuza uso dirishani, ameinua upande wa kitenge chake kipya cha harusi, amejifunika mpaka machoni.

"Sasa washa," shangazi akasema.

Baba akamalizia kuugeuza ufunguo. Chura akawaka palepale, mara moja, katikati ya uwanja ule ulionyooka, na akina mama wa Ilula, wasiojua lolote, wakapiga vigelegele. Taa nyekundu ikazimika. Hapo ndipo mama akashusha kitenge, akakinyoosha mapajani, akakuta namkodolea macho kwa furaha.

"Nini?" akasema. "Shuka, unamziba bi harusi."